Kilomita Thelathini, Barabara ya Kinu

Barabara ya Kinu, Isiolo
Jumatano, 6 Machi 2019

Kwa ndugu yangu Etabo,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki.

Nakuandikia kwa sababu simu yako imenishinda. Nikikupigia ukiwa njiani unasema unaendesha. Nikikupigia ukiwa nyumbani Merti unasema mtandao unapotea, na huo mtandao hupotea pale pale ninapoanza kukuuliza jambo la maana. Karatasi haina mtandao. Hii namwachia Arero kwenye kibanda chake cha chai pale petroli, unaposimama kujaza mafuta mara tatu kwa wiki, dakika tano kutoka mlango wangu ambao hujaukanyaga tangu Krismasi.

Jana saa moja asubuhi Akuam alitoka kwenda shule. Njia yake unaijua: anatoka getini, anafuata barabara yetu hadi kona ya kinu cha posho, anavuka, amefika. Pikapu ya miraa ikaja kutoka nyuma kwa zile mbio zenu. Dereva alipiga honi. Mtaa wote ulisikia, hata mama wa mboga upande wa pili aliruka. Mtoto wangu hakusikia kwa sababu ni kiziwi, na amekuwa kiziwi tangu ile homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Sikukumbushi bure. Wewe ndiye uliyetubeba kwenda hospitali siku ile. Kioo cha pembeni kilimpiga begani kikamtupa mtaroni.

Dereva alisimama, hilo nakubali. Alishuka akasema, "Si nimepiga honi, mama! Kwani huyu mtoto hasikii?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Hasikii."

Akasema miraa inanyauka, akapanda gari akaenda. Namba ya gari sikuishika maana nilikuwa ndani ya mtaro namtoa mtoto.

Mfupa wa bega umepata ufa na mkono umefungwa. Lakini kinachomliza si bega. Kinachomliza ni kwamba nimefunga geti kwa kufuli. Namsindikiza kwenda na kurudi, na nikiwa na nguo za watu za kumaliza, haendi kabisa. Ana miaka kumi na miwili, na ile safari ya dakika kumi ilikuwa kitu pekee anachofanya bila mimi. Nimemnyang'anya mimi mwenyewe, na ananitazama kama askari jela.

Sasa nisikilize. Sisi wa Barabara ya Kinu tumeomba kasi ishushwe hapa mtaani iwe kilomita thelathini kwa saa, na tuwekewe matuta mawili. Kamati ya barabara inakuja kusikiliza maoni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 15, katika ukumbi wa kanisa. Wewe ni katibu wa chama cha madereva wa pikapu. Njoo useme neno moja tu, kama dereva na kama mjomba wa mtoto, kwamba jambo hili linawezekana. Wakilisikia kutoka kwa dereva, litapita.

Salamu zilizobaki ni chache. Wape watoto wako. Wewe subiri.

Dada yako,
Jecinta


Merti
Jumamosi, 9 Machi 2019

Dada Jecinta,

Ejoka. Mimi sijakunyima salamu, na nyingine ninazo nyingi.

Pole sana kwa Akuam. Barua yako niliisomea kwenye usukani mpaka Arero akaniuliza kama nimefiwa. Nimemtumia mtungi mdogo wa maziwa ya ngamia, anywe asubuhi kabla ya chai. Hayo ya askari jela nilianza kuyacheka, halafu nikaona si ya kucheka.

Lakini wacha nikueleze upande wetu, kwa sababu wewe unatuona tukipita tu. Miraa inachumwa alfajiri huko juu Meru, inafungwa kwa majani ya mgomba, na kuanzia hapo inakufa. Merti watu wanaketi kivulini wakitazama barabara. Ukifika saa saba mchana unapokelewa kama bwana harusi. Ukifika saa tisa wanaishika kwa vidole viwili wanakurudishia. Tajiri wangu Kiugu hajawahi kuniuliza kama nimefika salama, huuliza nimefika saa ngapi. Na ile barabara kubwa ya mjini ina matuta, punda, bodaboda, na soko limemwagika mpaka kwenye lami. Ndiyo maana watu hukata kwa Barabara ya Kinu. Si ubaya, dada. Sisi hupiga honi kuanzia kona ya kinu mpaka mwisho, na mtu ana nafasi ya kutosha kutoka.

Thelathini lakini? Thelathini ni mwendo wa ngamia mwenye mimba. Mngeomba hata hamsini watu wangewasikiliza.

Hiyo Ijumaa nitakuwa safarini, sitaweza kuja. Nitamwomba mwenyekiti wetu, mzee Kubai, aje akae asikilize. Ni mtu wa amani yule.

Punguza hasira, unajua presha yako.

Ndugu yako,
Etabo


Isiolo
Jumamosi, 16 Machi 2019

Etabo,

Maziwa yamefika. Akuam ameyanywa na anasema asante. Mimi nina mambo mawili, na moja ni zuri.

La zuri ni mkutano. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, sahihi, halafu unapewa soda na mkate. Unatujua sisi, tunatia sahihi kwanza ndipo tunauliza mkutano ni wa nini. Tulikuwa watu mia moja arobaini na watatu. Nilisema yangu, na safari hii sikupiga kelele. Akuam naye alisimama na mkono wake uliofungwa, akaongea kwa ishara, mwalimu wake akawatafsiria. Hata mzee Jaldesa, ambaye huwa hapendi chochote, alisema thelathini ni sawa. Huyo Kubai wako aliketi kiti cha nyuma, hakusema lolote la kupinga wala la kuunga mkono. Mwishoni alisaidia kukusanya makaratasi na nikamwona mtu wa adabu.

Nilirudi nyumbani nikimwambia Akuam hilo kufuli limebakiza wiki chache.

La pili. Umeandika, "Sisi hupiga honi." Nimelisoma neno hilo mara nne. Sisi akina nani? Kwa hiyo na wewe unapita hapa! Unapita mbele ya geti langu mara tatu kwa wiki, kwa mbio, husimami hata kunywa maji, na mkono uko kwenye honi. Wewe ambaye unajua. Wale wengine wana kisingizio, hawamjui mtoto. Wewe ulimfunga nepi huyu!

Yule aliyemgonga hakuwa wewe, uso wake niliuona. Ni kijana mrefu, ana kovu kidevuni. Nyinyi mnajuana wote. Ni nani?

Jecinta


Merti
Jumanne, 19 Machi 2019

Dada,

Nashukuru Mungu mkutano ulikwenda vizuri.

Ni kweli nimekuwa nikipita. Nimekosa. Kuanzia leo nitafuata barabara kubwa, hata ikinichelewesha. Huyo kijana simjui. Madereva wameongezeka siku hizi, wengine wanatoka Garbatulla, wengine Maua, na makovu ni mengi.

Usianze kusherehekea sasa. Mambo ya kamati ni marefu na yana makaratasi mengi. Ukisikia jambo lolote kuhusu hilo ombi, niulize mimi kwanza kabla hujaanza kulipigia kelele mtaani.

Niko na haraka, dereva mwenzangu Dima ananipigia honi tuondoke.

Etabo


Isiolo
Ijumaa, 22 Machi 2019

Etabo mwana wa Lomorukai,

Ulisema nikisikia jambo nikuulize wewe kwanza. Basi nakuuliza.

Leo nilikwenda kwa karani wa kamati, binti mmoja mpole anayeitwa Kinya, kuuliza ombi letu limefika wapi. Alifungua faili. Akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mbona unapinga ombi lako mwenyewe?"

Alinigeuzia faili. Kuna karatasi nne za chama chenu cha madereva wa pikapu, zinapinga thelathini, zinapinga matuta, zinapinga kila kitu. Nyuma yake imebanwa orodha ya "wakazi na watumiaji wa barabara wanaounga mkono maoni haya". Majina mia moja arobaini na matatu. Namba kumi na saba ni Jecinta Akolong, na namba yangu ya kitambulisho, na sahihi yangu niliyotia nikiwa na kiu. Namba kumi na nane ni mwalimu wa Akuam. Namba arobaini ni mzee Jaldesa. Mmechukua karatasi yetu ya soda mkaifanya yenu! Watu walikuja kuomba watoto wao wasiuawe, nanyi mkawageuza mashahidi wa kuwapinga.

Nilitaka kumlaani Kubai. Kisha nikautazama mwandiko.

Etabo, mimi ndiye niliyekushika mkono kukufundisha kuandika, tukiwa Ngaremara, kwa makaa, juu ya bati la jikoni. Hiyo herufi ya g yenye mkia mrefu unaogusa mstari wa chini ni yangu, uliichukua kwangu. Niliikimbia hiyo ofisi, nikaja nyumbani, nikatoa barua zako mbili kwenye droo ya cherehani nikazitazama. Hata kalamu ni ile ile ya buluu.

Na kuna sentensi kwenye ukurasa wa tatu. Kinya aliniruhusu kuinakili. Isome uone kama unaikumbuka: "Watoto wenye ulemavu wa kusikia wasiachwe kutembea ovyo barabarani, bali wazazi wao wawajibike kuwaweka chini ya uangalizi nyumbani." Barabara ya Kinu ina mtoto kiziwi mmoja. Mmoja tu. Ungeandika jina lake ungemaliza wino kidogo.

Ulinitumia maziwa kwa mkono mmoja na huku ukiandika hivyo kwa mwingine.

Kamati inakaa Jumanne, tarehe 2 Aprili. Kinya anasema tukilalamika sisi itakuwa neno letu dhidi ya sahihi zetu. Njia fupi ni aliyeibana ile orodha aandike kwamba ni karatasi ya mahudhurio na aiondoe. Asipofanya hivyo, ombi linatupwa na haliwezi kurudishwa mpaka mwaka upite. Mwaka mzima mtoto nyuma ya geti. Una siku kumi na moja.

Nimeacha kuandika salamu.

Jecinta


Merti
Jumatatu, 25 Machi 2019

Jecinta,

Umeniita mwana wa Lomorukai kama mtu anayenishtaki kwa chifu. Sawa. Sasa na mimi nina hasira, na wewe utasoma.

Unaketi kwenye cherehani yako kivulini na watu wanakuletea kazi. Mimi nikichelewa mara mbili, Kiugu anaita mtu mwingine, na wapo ishirini wanaosubiri hiyo funguo. Barua ile ni Kiugu na wenzake walioitaka. Walisema katibu ndiye anayeandika, basi nikaandika. Orodha aliileta mzee Kubai ndani ya bahasha, akasema, "Bana hapo nyuma." Nilipoona jina lako nilijua ni nini. Nikabana. Ndiyo. Nilisimama na mashine ya kubania mkononi kwa muda, halafu nikabana. Unataka niseme nini tena?

Ile sentensi niliiandika kwa sababu nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huandika kwa ukali. Na pia nilifikiri ni kweli! Kama mtoto hasikii, kwa nini umwachie barabara? Mimi nikiwa na gari bovu silitoi nje. Geti lako lina kufuli, basi lifunge, mbona mji mzima upunguze mwendo kwa ajili ya nyumba moja?

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho baada ya kuiandika. Siifuti, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifikiri na wewe umechoka na uongo wangu.

Na uongo mwingine ni huu. Yule kijana mwenye kovu anaitwa Lowoi. Namjua. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwenye barabara hii hii ya Merti. Nilimwambia breki inakula wakati, honi haili kitu. Alipomgonga Akuam alinipigia simu, na nikamwambia aendelee na safari. Wakati huo hakujua ni mtoto wa nani. Mimi nilijua aliposema tu geti la kijani.

Nikiandika hiyo barua unayotaka, Kiugu anachukua funguo siku hiyo hiyo. Watoto wangu wanne utawalisha wewe? Usiniombe tena.

Etabo


Isiolo
27 Machi 2019

Mjomba Etabo,

Mama hajui nimeandika. Mwalimu atamwachia Arero.

Nimesoma barua zako zote na ile sentensi mama aliyoinakili. Mama anaziweka kwenye droo ya cherehani. Zile mbaya anaziweka juu.

Unasema mnapiga honi. Mimi sijui honi ni nini. Mwalimu alinieleza ni sauti inayosema toka. Lori nalijua, ardhi inatetemeka kwenye viatu. Magari mengine nayajua kwa macho. Kila hatua kumi nageuka nyuma. Nikigeuka na kuliona gari kwenye kona ya kinu na linaenda polepole, nina muda wa kusimama pembeni mpaka lipite. Pikapu ya miraa iko tofauti. Nikigeuka, haipo. Hatua kumi hazijaisha, imefika.

Siku ile niligeuka. Mama hajui kama niligeuka kwa sababu hakuniuliza. Wewe pia hukuniuliza. Nilikuwa hatua ya saba. Sikutembea ovyo.

Jumapili nilitazama barabara kupitia tundu la geti. Mbuzi wa mzee Jaldesa walilala katikati. Pikapu tatu zilikuja na zote zilisimama. Dereva mmoja alishuka akawasukuma kwa mikono, polepole. Mbuzi wana masikio mazuri. Wanasikia honi na hawatoki, na mnasimama. Mimi sisikii, na hamsimami. Kwa nini? Nilimuuliza mama akaenda kushona kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika.

Unaandika mimi ni kama gari bovu. Mimi si bovu. Mimi ni namba mbili darasani. Najua kusoma midomo ya mtu akisema pole na hamaanishi.

Mama ana hasira na watu wote wanaisikia. Mimi pia nina hasira na wewe. Hii ndiyo.

Akuam


Merti
Ijumaa, 29 Machi 2019

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara,
Isiolo

Mheshimiwa,

YAH: KUONDOA ORODHA YA MAJINA KATIKA MAONI YA CHAMA CHA MADEREVA WA PIKAPU

Husika na kichwa cha barua hii. Mimi Etabo Lomorukai, katibu wa chama kilichotajwa, nakiri kwamba orodha ya watu 143 iliyoambatanishwa na maoni yetu haikuwa orodha ya wanaotuunga mkono. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa tarehe 15 Machi. Watu hao walitia sahihi ili wahesabiwe waliohudhuria, na wengi wao walikuja kuunga mkono ombi la kilomita thelathini.

Niliibana mimi kwa mkono wangu, nikijua. Naomba iondolewe, na nipo tayari kuitwa mbele ya kamati.

Wako mtiifu,
Etabo Lomorukai

Nakala: Bi. Jecinta Akolong, Barabara ya Kinu


Isiolo
Jumanne, 30 Aprili 2019

Etabo,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, karatasi ilichanika.

Barua yako ilisomwa mbele ya kamati. Nilikuwepo. Mzee Kubai alitazama viatu vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Orodha ilitolewa na ombi likapita. Wameweka vibao viwili vyeupe vyenye duara jekundu, thelathini katikati, kimoja kona ya kinu na kingine chini karibu na kanisa, na matuta mawili. Wiki ya kwanza pikapu zilipita kana kwamba vibao ni matangazo ya sabuni. Wanawake wa mtaa huu tukatoa viti vyetu tukaketi juu ya tuta, na mimi nikatoa cherehani. Siku tatu tulikaa pale. Sasa wanapunguza. Wanatutukana wakipita, lakini wanatukana polepole.

Lowoi alikuja. Alisimama nje ya geti bila kuingia, akasema ndiye. Nilimpa maneno yake yote kisha nikampa maji.

Jana shule zilifunguliwa. Akuam alivaa sare, akaja kusimama getini, akanyoosha kiganja kunidai ufunguo. Nikampa. Nilitaka kumfuata kwa mbali, akanigeukia akanizuia kwa mkono. Nikabaki. Nilimhesabia hatua mpaka kona, na kila hatua kumi aligeuka kama alivyofundishwa. Alivuka. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na sketi yangu ya kanisa.

Nimesikia kwa Arero kwamba Kiugu alikunyang'anya funguo siku ile ile, kama ulivyosema. Hilo limeniuma, sitakuficha. Nimetuma unga na sukari kwa mke wako, zitafika na Dima. Usinishukuru, si zako.

Lakini usifikiri tumemaliza. Uliondoa majina yetu, Etabo. Sentensi yako ya ukurasa wa tatu hukuiondoa. Iko kwenye faili mpaka leo na mhuri wa kamati juu yake: wawekwe chini ya uangalizi nyumbani. Uliandika barua nzima ya kukiri na mtoto hukumgusa hata kwa neno moja. Na alikuandikia! Juzi ndipo nilipojua, mwalimu wake alinieleza, akidhani ninayo habari. Mtoto alikuuliza swali na wewe umekaa nalo mwezi mzima.

Mimi usiniandikie. Mlangoni kwangu usije bado. Mjibu yeye. Anasoma polepole lakini haruki neno.

Jecinta


Merti
Jumamosi, 4 Mei 2019

Akuam mtoto wangu,

Barua yako ilinifikia tarehe 28 Machi. Kesho yake niliandika ile ya kamati. Uliyoniandikia ndiyo iliyonifanya niandike, si barua za mama yako, na sikukuambia kwa sababu niliona aibu.

Hapa ndani kuna barua nyingine, ya kufuta ile sentensi. Nimeandika kwamba ulikuwa unatembea sawasawa, kwamba uligeuka, na kwamba ulikuwa hatua ya saba. Isome wewe kwanza. Ukiona ni sawa, mpe Kinya. Ukiona si sawa, irudishe nami nitaandika upya.

Sasa swali lako. Nimelikalia mwezi mzima kwa sababu jibu lake nilikuwa nalijua tangu siku niliyolisoma.

Ukimgonga mbuzi wa Jaldesa, kabla hujazima gari watu wamejaa. Wanakushika shati, hutoki hapo mpaka ulipe. Ndivyo ilivyo kuanzia Isiolo mpaka Merti, na kila dereva anajua. Kwa hiyo mguu umezoea wenyewe. Ukiona mbuzi, unakanyaga breki. Ukiona mtu, mkono unaenda kwenye honi, kwa sababu mtu atakimbia. Nimeendesha miaka kumi na minne hivyo na sijawahi kujiuliza. Nilimfundisha Lowoi hivyo, naye hakuniuliza.

Kwa ajili ya mbuzi tulimwogopa mwenye mbuzi. Kwa ajili yako sikumwogopa mtu. Nilijua mama yako atapiga kelele, na kelele zake nimezizoea tangu utoto. Nilifikiri baada ya hapo hakuna mwingine.

Kwa desturi yetu, mtoto wa dada akiumizwa, anayepaswa kwenda kumshika mtu shati ni mjomba. Ni mimi, Akuam. Na mimi nilikuwa upande wa usukani, pamoja na Lowoi.

Mjomba wako,
Etabo